Mshipi kwenye njia ya choo

Mshipi wenyewe niliununua Mji wa Kale, kwenye kiduka cha vifaa vya uvuvi ambacho ukiingia watu wawili wa tatu hana pa kusimama. Nilitaka ule mwembamba usio na rangi, wa kuvulia changu. Muuzaji akaniuliza naenda kuvua wapi na Kaskazi hii ilivyochachamaa. Nikamwambia naenda kuvua marubani. Akacheka mpaka akanipunguzia shilingi ishirini.

Kila mwaka kabla ya masika kampuni hunilipa niwakalishe chini kwa siku mbili marubani wa ndege za kunyunyizia dawa, pamoja na vijana wa chini: wanaochanganya dawa, wanaojaza tangi, dereva wa lori la mafuta. Ukumbi ni wa kukodi, huko Magongo, karibu na uwanja wa ndege. Kila ndege ya abiria ikishuka sauti yangu humezwa, nikabaki nikichezesha midomo kama samaki nchi kavu. Mambo ya kuruka kwenyewe, kona na breki na injini kuzima, yana mwalimu wake aliye rubani, na hufanyiwa angani. Mimi nimepewa yale ya chini. Sijawahi kurusha hata tiara ikatulia hewani. Nilianza kazi hii nikichanganya dawa, nikiwa na miaka 24, na leo naitwa afisa wa usalama, cheo ambacho mbele ya marubani ni sawa na mwalimu wa madrasa aliyenyang'anywa bakora.

Sasa mshipi. Nyuma ya ukumbi kuna miarobaini miwili, na njia ya kwenda choo inapita katikati yake. Saa mbili asubuhi niliufunga mshipi kutoka mti hadi mti, usawa wa kifua, nikawatoa wote kumi na mmoja nje. Nikampitisha kila mmoja aushike kwa mkono wake. "Huu hapa. Umefungwa hapa na pale. Utakaa hivi mpaka jioni, na choo ni kile kile." Wakaushika, wakanong'onezana. Mmoja akaniuliza kama mafunzo ya mwaka huu ni ya chekechea.

Mchana tukala pilau ya kuku na kachumbari. Mimi sahani yangu nilikwenda kuilia kwenye kibaraza cha nyuma, daftari pajani. Kufikia saa tisa watu wanne walikuwa wameuvaa mshipi. Wa kwanza alikuwa kwenye simu akibishana na fundi juu ya bei ya saruji. Wa pili aliinama vizuri wakati wa kwenda, wakati wa kurudi akatembea moja kwa moja kama hakuna kitu. Wa tatu ni yule wa chekechea. Wa nne ndiye aliyenigusa: kapteni kijana, mtoto wa Likoni, ambaye alikwishapita pale mara tatu na mara zote tatu akainama. Mara ya nne ilishuka ndege ya abiria juu ya vichwa vyetu. Rubani hawezi kuiacha ndege ipite bila kuitazama. Akainua uso, akatembea, mshipi ukamkata kifuani na soda ikamwagika.

"Ami," akaniambia akijipangusa shati, "mimi nilijua uko hapa."

Nilikuwa nikilisubiri neno hilo tangu asubuhi. Taasisi ya Australia inayochunguza ajali za uchukuzi ilikusanya visa vya ndege kugonga nyaya kuanzia 2001 hadi 2010. Vilikuwa 180, na 100 kati yake ni vya ndege za kilimo. Utafiti wa taasisi hiyo unaonyesha kwamba kwenye asilimia 63 ya visa rubani aliujua waya kabla hajaugonga. Alikuwa ameuona, pengine ameupita mara kadhaa asubuhi hiyo hiyo. Marubani wangu hudhani kinachoua ni waya wa siri, ule uliojificha. Upo huo pia, nitaufikia. Lakini waya mbaya zaidi ni ule uliokwishazoeana nao.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ndege inayokwenda kilomita 220 kwa saa inakula mita 61 kila sekunde. Iko mita tatu au nne juu ya mimea. Rubani anatazama mbele, anatazama taa za GPS zinazomwambia kama yuko kwenye mstari, anatazama kama bomba zote zinatoa dawa, anawaza upepo. Chafya moja ni mita mia. Ndiyo maana mengi hutokea kwenye mstari wa mwisho, ule wa kusafisha kingo za shamba, ambao hukatiza mistari mingine yote. Muda wote alikuwa akiruka sambamba na waya, sasa anaukabili, na tangi linakaribia kwisha, na mawazo yamekwishatua na kuagiza chai.

Na waya haionekani. Inaonekana nguzo. Hilo nalirudia mpaka wananichoka: soma nguzo, usitafute waya. Tazama vikombe vya juu, vile vinavyoshika waya, vimeelekea wapi. Tazama kama kuna waya wa kushikilia unaoshuka mpaka chini. Ukiona nguzo ina waya upande mmoja tu na haina cha kuivutia upande wa pili, jiulize inasimamaje. Na ukivuka, vuka juu ya nguzo, kwa sababu nguzo unaiona na urefu wake unaujua, wakati katikati ya nguzo mbili unavuka kitu unachokikisia tu.

Hapa kwetu kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya Marekani havinisaidii nalo. Tangu 2015, mradi wa kusambaza stima vijijini ulipoanza, nguzo zinaota kama uyoga. Ni neema, sisemi vinginevyo, shangazi yangu Kaloleni alifikisha miaka sitini ndipo akawasha taa kwa kidole. Lakini kwa rubani maana yake ni kwamba ramani ya msimu uliopita imekufa. Shamba lililokuwa wazi mwaka jana leo limekatizwa na waya mmoja mwembamba unaokwenda kwenye nyumba ya mtu aliyejenga, au kwenye pampu ya kisima. Wale waliofanya kazi ya nzige ndio wanaonitia hofu zaidi. Nzige walipoingia kupitia Mandera mwishoni mwa 2019, tulikaa kaskazini miezi na miezi. Kule unaruka asubuhi nzima huoni hata kamba ya kuanikia nguo. Jicho likasahau. Halafu unamrudisha mtu huyo kwenye mashamba ya Taita Taveta, kwenye nguzo na milingoti ya simu, na mkono wake bado uko Marsabit.

Katika wale saba ambao hawakuuvaa mshipi alikuwemo Mzee. Ni kapteni wetu wa siku nyingi, anakaribia kustaafu, na huja kwenye mafunzo na kofia ya kiua aliyoishona mkewe. Mzee kila alipofika miarobaini alisimama. Kabisa, miguu yote miwili. Akanyoosha mkono mpaka aupate mshipi, kisha akainama. Mara ya tano nikaona kama ananidhihaki. Nikamwuliza, "Mzee, hujauzoea tu?" Akasema, "Mwalimu, nikiuzoea nitakuwa wa tano kwenye daftari lako." Akaenda zake choo.

Siku ya pili huanza mapema, saa kumi na mbili na nusu, na mwaka huu nilibeba chetezo cha mama. Nilitaka moshi. Wenzetu wa nchi nyingine wana mtambo kwenye bomba la moshi la injini unaotoa moshi wa kupimia upepo, na baadhi ya ndege zetu zinao, lakini ukumbini hatuna, basi nikatia mkaa na ubani uani. Mlinzi akadhani kuna maulidi.

Nilichotaka waone ni hiki. Usiku ukiwa shwari ardhi hupoa, na hewa iliyoigusa hupoa nayo, hewa ya joto ikabaki juu kama kifuniko cha sufuria. Alfajiri moshi hupanda kidogo, ukagonga kifuniko, ukatandaa ubavu. Kwa mtu asiyejua, saa hiyo ndiyo nzuri ya kunyunyizia: hakuna upepo, hakuna jua, majani hayatikisiki. Kumbe matone madogo hayateremki wala hayapandi, yanaelea. Upepo mdogo ukija unayabeba yakiwa kundi zima, na unaweza kuyatua kilomita kadhaa mbali, kwenye mizinga ya mtu au kisima cha watu. Dawa za nzige hupigwa kwa matone ya mikroni 50 hadi 100, na mikroni elfu moja ndiyo milimita moja, lita moja au chini yake kwa hekta. Tone la namna hiyo halina uzito wa kuamua linakokwenda. Kwa hiyo tunawaambia: msiogope upepo wa wastani unaojulikana unakoelekea. Ogopeni utulivu.

Ubani wa mama ulinitia aibu. Ulipanda moja kwa moja mpaka usawa wa paa, kisha ukaenda zake taratibu kuelekea baharini, kwa sababu saa hizo upepo wa bara ulikuwa bado unavuma, ule ambao wavuvi hutokea nao. Bahari haiiachi Mombasa ipoe vya kutosha. Ukitaka kuona kifuniko chenyewe nenda Voi alfajiri ya Julai, tazama moshi wa majiko. Hata hivyo kila mtu alinukia vizuri mpaka saa sita.

Sehemu ya sumu huwa siwaachii wengine kuisimulia, kwa kuwa ni yangu.

Nilikuwa na miaka 26. Kazi ilikuwa ya kweleakwelea, wale ndege wanaomaliza mpunga, na kweleakwelea hupigwa magharibi wanaporudi kulala kwenye matete. Kwa hiyo kujaza tangi hufanyika alasiri. Joto lilikuwa la kuyeyusha ndala. Nilivaa ovaroli, buti, glavu, barakoa, kila kitu, na nilijiona nimetimiza sheria yote. Mpira wa kujazia ulikuwa na ufa karibu na kiungo. Msimamizi aliujua, mimi niliujua, tulikuwa tumeuzungushia utepe. Nikauinua juu ya kichwa kuufikisha kwenye mdomo wa tangi, utepe ukaachia, dawa ikatiririka kwenye mkono. Mikono ya ovaroli nilikuwa nimeivalisha juu ya glavu, jinsi tulivyoonyeshwa. Mkono ukiwa chini, hivyo ni sawa, maji yanateremka nje. Mkono ukiwa juu, dawa inateremka kuelekea kwapani, na ule mkono wa ovaroli unakuwa mfereji.

Nikanawa mkono mpaka kwenye kiwiko. Ovaroli sikubadilisha, hapakuwa na nyingine. Kama nusu saa baadaye niliona giza linaingia. Nikamwambia mwenzangu, "Leo magharibi imewahi." Akaniangalia. Ilikuwa saa kumi jioni na jua liko pale pale. Mboni zangu zilikuwa zimekaza mpaka zimebaki kama tundu la sindano, mwanga haupiti. Halafu mate yakajaa mdomoni, jasho, tumbo likashikwa. Walinikimbiza hospitalini kwenye pikapu, na daktari wa zamu, Mungu amrehemu popote alipo, alitazama macho yangu, akanusa nguo zangu, akazivua na kuzitupa nje kabla hajaniuliza jina. Nilidungwa atropini, dawa ya kuipinga sumu hiyo, mpaka mdomo ukakauka kama karatasi.

Dawa za jamii ile iliyonimwagikia huzuia kimeng'enya kinachoitwa kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuuzima ujumbe wa mishipa ya fahamu ukishafika. Kikizuiwa, ujumbe hauzimiki: tezi zinatoa tu, misuli inatetemeka tu. Na kimeng'enya hicho huweza kushuka polepole, siku baada ya siku, bila wewe kuhisi kitu, mpaka siku moja kiasi kidogo tu kikakuangusha. Kwa hiyo kabla ya msimu tunapima damu ya kila mtu, rubani kwa kijana wa mpira, tupate kiwango chake yeye mwenyewe, maana cha mtu mmoja si cha mwingine. Kisha tunapima tena kazi ikiendelea. California wameliweka kwenye sheria: kipimo cha kolinesterasi kwenye seli nyekundu za damu kikishuka mpaka asilimia 70 ya kiwango chako au chini, unaondolewa kwenye dawa. Nasi tunafuata hivyo.

Marubani husikiliza kisa hiki kwa huruma, kama kisa cha kijana wa chini. Hapo huwauliza: je, ningekuwa mimi ndiye ninayeruka? Saa kumi na mbili jioni, kweleakwelea wanaingia matetani, mboni kama tundu la sindano, na kuna waya. Kimya huwa kinatua. Ndiyo sababu nakataa rubani kusaidia kujaza tangi, hata akijitolea kwa wema, na nakataa aingie ndegeni na buti alizokanyagia pale tunapochanganyia.

Kuna jambo moja nilibishana nalo mwaka huu na sikushinda vizuri. Ndege hizi zina mpini wa dharura unaomwaga tangi zima kwa sekunde chache. Ndege kama AT-802 huruhusiwa kunyanyuka na kilo 7,257, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni mzigo na mafuta. Injini ikisita, au kona ikikaza na joto limepunguza nguvu ya hewa, mzigo huo ndio unaokuua, na mpini huo ndio unaokuokoa. Tunawafunika macho kwa leso, wanakaa kwenye ndege iliyosimama, nasema "Mwaga!" na mkono uende penyewe. Wote hufanya vizuri sana chini ya leso.

Tatizo halipo mkononi. Mmoja wa marubani alikwishafanyia kazi kampuni nyingine, ambayo siitaji, iliyokuwa ikikata mshahara kwa kila tangi lililomwagwa. Dawa ni ghali, na kumwaga kunaleta maswali, ripoti, udongo wa kusafisha. Akasema wazi mbele ya wote: "Mimi kabla ya kumwaga nilikuwa napiga hesabu ya karo." Unapiga hesabu ya karo ukiwa mita kumi kutoka ardhini! Nikamwomba bosi wetu aje aseme kwa mdomo wake kwamba hapa hakatwi mtu. Alikuja, akasema, lakini akaongeza "ilimradi kuna sababu ya msingi", na nikaona nyuso zikijifunga tena. Nimemwandikia barua aifute hiyo ilimradi. Bado nasubiri jibu.

Karatasi tulizimaliza alasiri, haraka haraka, na sioni haya kusema hivyo. Leseni na cheti cha afya cha rubani, ruhusa ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, ya kazi za angani, dawa iwe imesajiliwa na bodi inayosimamia viuatilifu, kipimo kisizidi kilichoandikwa kwenye lebo. Kila shamba na ukurasa wake: saa, upepo umetoka wapi na kwa kasi gani, joto, lita ngapi, nani aliarifiwa kwenye nyumba za jirani na wenye mizinga ya nyuki. Nilichoongeza mwaka huu ni mchoro. Kabla ya tangi la kwanza rubani achore shamba kwa mkono, nguzo zote, na waya wote, na apige picha anitumie. Walilalamika kwamba GPS ina ramani. Nikawaambia GPS haina miarobaini yangu.

Mshipi niliufungua saa kumi na moja, nikauzungusha kwenye chupa tupu. Wa tano kwenye daftari hakupatikana. Cheti nikawapa wote, hata yule wa chekechea.

Wiki tatu baadaye, saa moja kasoro asubuhi, simu ikaita. Kapteni wa Likoni, yuko Taveta, tangi limejaa, vijana wamesimama. Mchoro wake ulikwishaingia kwenye simu yangu: shamba, barabara, mfereji, nguzo sita. Kwenye ya sita ameweka alama ya kuuliza kubwa kama ndoano.

"Ami, hii nguzo imeinamishwa na waya kutoka upande wa barabara, na ina waya wa kuishikilia. Lakini ule wa kuishikilia umefungwa pembeni, si nyuma yake. Ina maana kuna kitu kinaivuta upande wa shambani. Nimepita juu mara mbili, sioni kitu."

"Umemtuma mtu kwa miguu?"

"Nimemtuma wa bodaboda. Anarudi."

Nikasikia pikipiki kwenye simu, halafu sauti mbili zikizungumza Kitaita na Kiswahili kwa pamoja, halafu yeye akarudi hewani, akipumua.

"Kuna kisima kipya. Wameunganisha mwezi uliopita. Waya umepita nyuma ya mwembe, ami, ndani ya majani kabisa."

"Basi uchore."

"Nauchora sasa hivi."